Bei ya Tani Moja

Nilipanda treni kwenda Warszawa na namba moja mkobani:
zloti mia tatu kwa kila tani ya moshi.
Miaka miwili niliipika. Niliipimia ngano iliyokauka kabla ya kuzaa,
mto Odra uliopanda ngazi za kanisa,
vifua vya watoto wa Radlin vinavyopiga mluzi kila Januari.
Ilikuwa namba safi.
Haikuwa na mjomba. Haikuwa na jimbo.

Waziri Wierzbowska aliisoma wima,
koti lingali begani, theluji ikimchuruzika ukosini.
"Ni sahihi," akasema. "Tatizo ni hilo."

Ikaingia kamatini mia tatu, ikatoka mia na themanini.
Wenye saruji walikuja na mawakili watano, wakasamehewa.
Wenye nyanya za vioo wakasamehewa kwa sababu ya wenye saruji.
Chama mwenza, viti kumi na viwili tu,
kikasema trekta ni kama kaburi la baba: haliguswi.
Ikabaki sitini, ianze baada ya uchaguzi.
Kutoka mwisho wa meza mtu mwenye kikohozi akauliza:
"Uchaguzi upi?"
Hakuna aliyecheka. Katibu akaandika.

Asiyekuwapo na lake halipo.
Wa mwaka elfu mbili na mia moja hawakuwa na kiti mle ndani,
hawakuwa na hata mtu wa kuwakoholea.
Chuoni niliwaandika kwa herufi moja,
nikawapunguza asilimia tatu kwa mwaka
mpaka kilio chao kikaenea kwenye kijiko cha chai.
Kwa hiyo nisiwatupie wanasiasa jiwe zima.

Jumapili nikaenda kwa Mjomba Alojzy.
Miaka thelathini na moja chini ya ardhi,
pafu moja zima, jingine la kukisia,
njiwa arobaini juu ya banda.
Jiko lilikuwa likila mgawo wake wa makaa ya mawe,
pensheni nyeusi, ndoo kwa ndoo.
Nikamweleza: unalipa kodi, fedha zote zinakurudia kwenye bahasha,
na mwenye moshi mdogo anabaki na faida.
Akanisikiliza kama anavyomsikiliza njiwa mgonjwa.

"Bahasha inakuja lini?"
"Machi."
"Na baridi?"

Nikatazama supu.
"Wewe nakuamini," akasema, "nilikufuta kamasi.
Nisiyemwamini ni atakayekalia kiti baada ya huyo bibi yako,
akute sanduku limejaa na barabara za kwao zina mashimo."

Hilo halikuwamo kwenye kurasa zangu mia na arobaini.
Na hiyo Machi niliiweka mwenyewe,
kwa kuwa hesabu za mwaka hufungwa Februari.

Nikarudi. Nikauza zloti nane ili ninunue Oktoba:
bahasha itangulie, kodi ifuate.
Hamsini na mbili.
Muswada ukapita kwa kura tatu,
moja ya mtu aliyedhani anapigia muswada wa misitu.
Wenzangu wa chuo wakaniandikia: umeuza sayansi.
Wachimbaji wakapaka jina langu kwenye jeneza la mbao,
wakalibeba mpaka bungeni;
herufi mbili zilikosewa.

Oktoba Alojzy alinunua dirisha la vioo viwili
na gunia la mahindi ya njiwa.
Jiko hakuling'oa.
Tulisimama nyuma ya kioo kipya,
upepo ukifungua mdomo nje bila sauti,
nikahesabu mabomba yanayofuka moshi mtaani: kumi na moja.
"Kumi na mbili," akasema.
"Umelisahau hili letu."