Mlango wa Hospitali

Kondele, nyuma ya kinyozi, nauza mji:
shilingi kumi, dakika kumi.
Wenzake huiba magari, huvunja benki,
polisi wakimiminika kama kumbikumbi,
vijana wanapiga kelele hadi mabati yanalia.

Obuya haibi.
Hupanda lile ghorofa refu, akajirusha.
Skrini inageuka kijivu.
Kisha yule jambazi anatoka hospitalini,
shati limenyooka, hana hata plasta,
bili imejikata yenyewe mfukoni, visenti tu,
wala hakuna bawabu getini anayedai risiti.

Anapanda tena.

Nilimwambia, we mtoto, unachoma pesa,
kuna misheni humo, kuna pikipiki za bure.
Macho hayakubanduka kwenye ule mlango.
“Ngoja,” akasema, “anatoka.”

Ni mama wa omena aliyenieleza jioni:
babake Obuya alipona tangu Agosti.
Alipona kabisa. Yuko wodini bado,
wanalala wawili kitanda kimoja,
na deni linapanda kila kukicha.

Leo dakika zake zimeisha.
Nimegeukia ukuta,
najifanya natafuta chaja.