Kidonge Namba Arobaini na Tatu

Tengeru, mwezi wa nne, mvua haijakatika tangu Jumatatu.
Ndekirwa amekipasua kidonge kwa wembe,
kijivu, upana wa sarafu ya shilingi mia,
akakilaza chini ya hadubini.

Mzunguko wa mia mbili na kumi na moja. Hapo ndipo kilipokufa.

Tuliyakimbia majimaji kwa kuwa yanashika moto.
Tukasema kigumu hakimwagiki.
Tukasaga, tukashindilia kwa jeki ya gereji
iliyonunuliwa Kilombero kwa kubembeleza,
tukaoka usiku, umeme ulipokubali.
Kumbe lithiamu ina mizizi.
Kila ukiichaji inachomoza uzi,
mwembamba kuliko unywele wa kichanga,
unapapasa, unapapasa,
unatafuta ufa,
na ufa haukosekani.

Wahenga walituonya juu ya ufa wa ukutani.
Huu unakulia ndani,
ukuta ungali unang'aa.

Namnyaki anafungua dirisha: mayai viza!
Unyevu umepenya tena kwenye glavu za kisanduku,
tone lisiloonekana, na salfa imeanza kusema.
"Nani alifunga jana?"
Kimya. Wote tulifunga jana.

Alasiri mawingu yanaachana kidogo.
Meru huo, na ubavu wake wa mashariki haupo,
uliporomoka zamani, mwamba mtupu, mlima mzima.
Ndekirwa anautazama, kikombe cha chai mkononi,
mpaka chai inapoa.

Kisha anafuta meza kwa spiriti
na kuandika 44 kwenye mfuniko.