Mshale

Punta Arenas, Julai. Upepo unapiga bati la ukumbi
wa wakata manyoya wastaafu.
Nélida ameinamia miksa:
mshale wa kinasa sauti haupandi,
umelala kama mbwa aliyeshiba.

Kazungusha kila nobu.
Kilichokua ni mvumo.

"Unakuza huku," asema Baldovino, "kule chanzo kimebanwa."
Anapapasa nyuma ya mashine, kwenye vumbi:
kitufe kidogo kimebonyezwa,
tangu lini, hakuna ajuaye.

Tak.

Mshale unaruka, na Ojeda anaingia mzima:
kikohozi, bei ya sufi ya mwaka ule,
kisha jina la marehemu mkewe,
alilozoea kulitaja
chini chini, makusudi.

Kidole cha Nélida
kinarudi kwenye nobu.
Anapunguza kidogo.