Mwaka wa Tatu Chuoni

Hapa Wete jela haiitwi jela.
Kibao cha mlangoni kimeandikwa Chuo cha Mafunzo,
na mama yangu, Mungu ampe afya, kashika hapo hapo:
majirani wa Jadida wakimuuliza
hujibu, "Shaame yuko chuo,"
kisha huinama, akaendelea kuchambua karafuu.

Hasemi uongo.
Chuo changu cha kwanza kilikuwa cha Maalim Faki,
juzuu kifuani, bakora mgongoni.
Cha pili sikukimaliza.
Hiki cha tatu ndicho pekee
ambacho sijakosa hata siku moja.

Baba alikuwa mpima karafuu.
Mchumaji akitua pakacha lake
baba hujaza pishi, akaifuta juu kwa kiganja,
haikandamizi, haipunji.
"Mkono unaopima," aliniambia, "ndio utakaoulizwa."
Mimi nikarithi mkono, pishi nikaiacha.
Nilipima kwa ukucha wa kidole cha mwisho,
ukucha niliouacha urefuke makusudi,
nikafunga kete kwa karatasi za daftari
la hesabu la binti yangu:
huku saba mara nane,
huku unga.
Nilimwambia limeliwa na panya.

Niliuza mchana. Hili nataka lieleweke.
Mchana, nyuma ya gereji ya Mbarouk,
wanakuja, wanalipa, wanakwenda,
na magharibi mimi nishafika nyumbani, nishaoga,
mkate wa kumimina uko mbele yangu.
Usiku wao sikuwahi kuuona.
Sikuuulizia. Muuza viatu hamwulizi mteja
anakokwenda.

Ndipo wakamleta Haroub,
mtoto wa Bi Raya, yule aliyesoma kaswida
kwa sauti iliyowatoa wanawake madirishani.
Alikamatwa na sufuria la msikiti.
Wakamlaza ubavuni pangu, mkeka kwa mkeka,
na usiku wa kwanza arosto ikampanda.

Sijui niiseme vipi.
Alikunja magoti mpaka yakagusa kidevu.
Alitapika maji, akatapika manjano,
kisha akatapika sauti tupu.
Alisema kuna mtu anaipiga msasa mifupa yake
kwa ndani.
Nilishika ndoo.
Siku tatu, usiku kucha, nilishika ndoo
kwa mkono ule ule,
ukucha wake walishaukata siku niliyoingia.

Usiku wa tatu akafumbua macho, akanitambua.
Nikangoja tusi. Nilijiandaa kwa tusi,
hata ngumi ningeipokea.
Akanishika shati, akaninong'oneza kwa adabu,
kama mtoto aombaye maji nyumba ya wageni:
"Kaka Shaame, huna hata kidogo?"

Wapo humu waliojifunza useremala.
Mzee Tumu anasema kajifunza kusamehe,
ingawa hajatwambia anamsamehe nani.
Mimi nimejifunza swali hilo.
Nalala nalo, naamka nalo,
nalipanga foleni nalo asubuhi, bakuli mkononi.

Jumapili mama alimleta binti yangu.
Karefuka, meno ya mbele yamerudi.
Akanipa bajia zilizofungwa kwa karatasi,
karatasi ya daftari, mistari ya buluu.
Nikaigeuza haraka upande wa pili:
mafuta tu.

"Baba, chuo chenu kinafunga lini?"
Mama akatazama viatu vyake.
Bado, mwanangu, nikamwambia,
kuna somo moja linanishinda.
"Hesabu?"

Hesabu.