Chaki

Stima imepotea Chiromo, saa tatu usiku.
Jenereta inakohoa mara mbili, inashika,
na friza ya vimeng'enya inaanza tena kunguruma
kama mtu aliyeamshwa kwa jina lisilo lake.

Mama, leo uliniuliza kwa simu kazi yangu ni ipi hasa,
nikakujibu "ya maabara," kwa uvivu.
Sasa nina dakika arobaini kabla saa ya sampuli kulia.
Sikiliza.

Bobini unaijua. Ndani ya kiini cha chembe,
padogo kuliko ncha ya sindano yako,
uzi wa mita mbili umezungushiwa bobini,
mamilioni ya bobini. Tunaziita histoni.
Uzi ulipokazwa hausomeki:
jeni ipo, nzima, haina doa,
na haisemi kitu.

Ndipo vinapokuja vimeng'enya, mafundi wasio na macho.
Hiki kinabandika alama mkiani mwa histoni,
uzi unalegea, unukuzi unaanza.
Kile kinamfuata nyuma kikibandua,
uzi unakaza.
Kitambaa hakikukatwa, Mama. Ni chaki tu,
ile ya buluu unayochorea sare pale Uhuru Market,
huku pindo, huku akiba, "mtoto atarefuka,"
kisha unaipangusa kwa kiganja.

Najua utauliza habari za Kyalo.
Ulimbeba mwaka wa themanini na nne,
Mwingi imekauka hadi mizizi,
foleni ya unga wa manjano ikianza kabla ya jogoo.
Leo ana kisukari, yeye asiyetia hata kijiko chaini.
Je, njaa ile ilimchora?
Na uko mkono wa kumpangusa?

Sijui.
Ripotini nimeliandika neno hilo kwa Kiingereza kirefu,
profesa akalisifu. Kwako nalileta lilivyo.
Kuna chaki inayotoka kwa pumzi,
na kuna ile rahisi, ya nta,
uliyowahi kuilaani siku nzima
kola nyeupe ya mtoto wa watu ikiwa mkononi.

Saa imelia. Navaa glavu.
Vitundu tisini na sita, kila kimoja tone la mtu,
namba bila jina. Lakini ya tisa naijua.
Aliponyoosha mkono alicheka,
akauliza kama atarudishiwa.