Mita Nane

Kamba ya nyapara ilikuwa ya katani, nyeusi kwa mikono,
ina mafundo matano, kila fundo mita kumi.
Ndivyo tulivyoambiwa siku ya kushuka lori,
sisi wa Amagoro, wa Lodwar, wa Kopsiro,
majembe yakiwa bado na bei mpinini.
Deni la kwanza: jembe.

Palilia laini nne, umepata siku yako.
Laini tatu na nusu, huna siku.
Daftari lilisema hivyo, na daftari halibembelezwi.

Majani ya miwa hukuchanja shavu kimyakimya;
jasho likipita hapo ndipo unajua.
Nilikuwa na mimba ya Emase,
nikapalilia kwa magoti, kisha kwa makalio,
nikimaliza laini ya nne, nyapara keshafunga kitabu.
Nilidhani ni tumbo.
Chemtai alidhani ni mgongo.
Kila mmoja alikuwa na kiungo chake cha kulaumu.

Akiru ndiye aliyenyamaza siku tatu.
Walimcheka kambini kwa shanga zake,
kwa Kiswahili chake cha kuokota njiani.
Lakini Akiru amejenga nyumba kumi na moja kwa mikono yake,
akikata fito kwa kipimo cha kiwiko na ncha ya kidole,
na hajawahi kukosea mlango.
Siku ya nne akasema, macho yakiwa kwenye sufuria:
"Ile kamba inakula."

Tukamwendea Bi Rasoa, fundi wa cherehani pale Muhoroni sokoni,
atuazime futikamba yake ya kupimia viuno.
Akauliza, nani anaolewa?
Tukamwambia, shamba.

Usiku, nyuma ya ghala la mbolea,
tuliitoa kamba kwenye msumari wake, tukainyoosha.
Chemtai alishika kurunzi kwa meno.
Nilihesabu mimi, niliyefika darasa la saba.
Mita moja na nusu. Mita moja na nusu.
Mara thelathini na nane, na mita moja ikabaki.
Hamsini na nane.

Nilipiga hesabu kwa mkaa, juu ya mfuko wa unga:
mita nane kwa laini, laini nne kwa siku,
siku ishirini na sita kwa mwezi.
Kwa mwaka, kila mmoja wetu
ametambaa bure kutoka Muhoroni hadi karibu na Koru.
Kilomita kumi, zimelala ndani ya magoti,
hazimo kwenye kitabu cha mtu.

Wanasema kamba hukatikia pembamba.
Walitutazama, wakadhani wamepaona:
wanawake, wa kuja, wasiojua hata nyumba ya chifu.

Tulichanga shilingi kumi kumi, tukanunua katani yetu.
Penye kila fundo tukafunga kipande cha leso ya mmoja wetu.
Alfajiri tukailaza langoni, sambamba na yake,
tukakalia majembe.
Hatukusema kitu. Kamba mbili zilikuwa zinasema.
Mkata miwa mmoja alitembea toka ncha hadi ncha,
akarudi akihesabu hatua,
kisha naye akaketi.

Afisa wa kazi alifika kutoka Kisumu baada ya barua tatu.
Alikuja na futi ya chuma.
Ilisema alichosema Akiru.

Nyapara yule yuko shamba jingine, na kitabu kingine.
Malimbikizo yetu, tunaambiwa ni Ijumaa,
na Ijumaa za Muhoroni ni nyingi.
Lakini lori likileta wasichana wapya,
kabla ya jembe, Akiru huwapa kamba yetu waishike,
mikono yao ijue mita kumi zinaishia wapi.

Na kile kipande kilichokatwa, aliomba apewe.
Amekifunga kati ya nguzo mbili za kambi.
Mita nane: zimeenea nguo zote za Emase,
na gauni langu, na leso ya Chemtai isiyo na pembe,
na nafasi bado ipo.