Chokaa kwenye Tambuu

Sukari kumi na mbili nukta nne.
Yule tabibu kijana aliizungushia duara kwa kalamu nyekundu,
akasema, Bi Somoe, mwili wako umelala.
Haujalala, nikamjibu, umeketi.
Miaka ishirini na sita nahesabu karo za watoto wa watu
juu ya kiti chenye mguu mmoja mfupi.

Mwanangu Shebwana akatuma picha kwenye simu:
mashine ya kukimbilia, imetumika kidogo tu,
elfu arobaini na tano, mama, tutachangishana.
Nikachukua futi ya cherehani, nikaupima uchochoro wetu.
Punda mwenye shogi la mchanga
hupita hapo kwa kuomba radhi ukutani.
Nikapima mlango. Nikapima ngazi, inayokata kona
pale pale mtu anapodhani amefika.
Kisha nikawaza tokeni za stima:
nilipie umeme, nikimbie, nisifike popote!

Vyuma vya kunyanyua vipo dukani kwa Bwana Kupi,
jozi elfu tatu na mia tano, vinang'aa.
Lakini mimi naijua chumvi ya Lamu.
Imekula bawaba, imekula pasi ya marehemu mama,
chuma hapa hakizeeki, kinaliwa.

Baiskeli isiyotembea niliikuta kwa Mwanaate,
imeanikwa leso mbili na sare za shule.
"Nilipoinunua nilikuwa na ari," akasema.
"Sasa nina kamba ya nguo ya elfu kumi na nane."

Basi nikanunua kamba. Ya kuruka. Mia mbili na hamsini.
Alfajiri, suruali ya Shebwana kiunoni,
nikaruka mara kumi na moja
nikahema kama mvukuto wa mfua fedha.
Siku ya tatu mtoto akabisha hodi na karatasi.
Bi Mwanashee wa chini hajui kugomba kwa nathari:

    Jirani wangu wa juu, nakuuliza kwa heri
    Vishindo vya lako guu, vyatikisa yangu dari
    Chokaa kwenye tambuu, na kwenye yangu sukari
    Nitafutie nafuu, ruka kwa kutafakari

Nyumba zetu ndivyo zilivyo. Sakafu yangu ni dari yake,
katikati boriti za mikoko zilizozeeka pamoja na ukoo;
nikitua mimi, anakohoa yeye.
Kumbe kabla ya kuuliza bei
ningeuliza nani anaishi chini yangu.
Nikakaa na kalamu hadi isha. Nikamrudishia mtoto:

    Nimeipokea hati, kamba nimeitundika
    Tabibu kanidhibiti, mwili upate kuchoka
    Usihofie boriti, kesho sitaruka ruka
    Ila dada tusiketi, panda nami kunyooka

Akapanda. Alipumzika mara mbili kwenye kona ya ngazi,
akalaani mwashi aliyeijenga.

Sasa tuna mpira wa ndani wa baiskeli,
umestaafu kwa fundi Mbwarahaji, shilingi hamsini,
tumeukata mikanda miwili, kimya kuliko paka.
Tuna madumu ya lita tano yaliyokuwa ya mafuta,
mchanga hadi nusu,
na kila Ijumaa twaongeza kikombe kimoja cha kahawa,
cha mchanga, si cha kahawa.
Na mkeka wake, ambao kila siku ananikumbusha ni wa kuazima.

Mimi navuta, yeye anahesabu.
Akifika kumi na mbili husahau makusudi,
akaanza tena saba.

Sukari imeshuka, tisa na kitu.
Sijui ni mpira,
au ni visheti alivyoacha kunipandishia.

Jana alilinyanyua dumu lake, mkono ukitetemeka,
akatema tambuu apate pumzi,
akaitazama ile kamba msumarini
akauliza naiuza kiasi gani.
Bi Mwanashee, nikamwambia, wewe na vishindo?

"Chini yangu mimi," akasema,
"hakuna mtu."